Wakili Aliyegoma Kutamka Jina

Nimewahi kumwona mwanaume mzima, wakili mwenye mvi na joho, akikaribia kuacha nyumba yetu ibomolewe kwa sababu ya neno moja.

Hakuwa amelisahau. Alikuwa nalo mdomoni. Aligoma kulitoa.

Mpaka leo nikikaa mbele ya kiboksi cha nywila kwenye kompyuta, namkumbuka.

Mimi ni Mwanaidi. Nilikuja Kairo kusoma, nikapata stashahada yangu, nikaolewa, nikabaki. Mume wangu Sameh anafanya kazi hotelini Hurghada, leo yupo kesho hayupo. Naishi Shubra na mama yake, ghorofa ya tatu, kwenye jengo la zamani lenye dari ndefu na lifti iliyokufa kabla sijazaliwa.

Mama mkwe wangu mtaa mzima unamwita Mama Sameh. Mdomo wake, Mungu amhifadhi, hauna breki.

Kazi yangu ni kuchapa. Nachapa nyaraka kwa Kiarabu, bila kutazama herufi, kwenye ofisi ya wakili mmoja mtaa wa jirani anaitwa Ustadh Wagdi. Kwa hiyo balaa la nyumba yetu lilipoanza, sikuhangaika kutafuta wakili.

Balaa lenyewe lilikuwa hivi.

Mwenye jengo, Muallim Gabr, ndivyo huku wanavyomwita tajiri wa mtaa, alitaka kulibomoa ajenge mnara wa ghorofa. Sisi tuna mikataba ya enzi za mababu, hawezi kututoa kienyeji. Basi akaleta mhandisi wake, akaandika kwamba jengo limechoka, linaweza kutuangukia wakati wowote, watu watolewe.

Na sisi tukaleta wetu. Akashuka mpaka kwenye msingi, akapima nguzo, akapiga picha kila ufa. Akaandika: jengo liko imara, kilichopasuka ni lipu.

Haikupita wiki, ofisi ya Ustadh ikavunjwa.

Walibeba sanduku la kompyuta, wakaacha kioo na kibodi. Walibeba jalada la karatasi zetu. Majalada ya watu wengine hawakuyagusa hata kwa bahati mbaya.

Mhandisi wetu naye simu ikazima. Alishatishwa, akaingia mitini.

Lakini Ustadh Wagdi si mtoto. Kabla ya hapo alishaweka ripoti na picha zote, sahihi na mihuri, kwenye faili moja, akalifunga kwa programu ya kusimba. Ukilifungua bila nywila huoni picha wala maneno. Unaona vurugu, kama mtu kamwaga dengu sakafuni.

Nakala moja aliitia kwenye flashi akanikabidhi.

"Wewe kaa na sanduku," akaniambia. "Ufunguo uko hapa." Akajigonga kipaji cha uso.

"Hapo tu, Ustadh? Hujauandika mahali?"

"Huu hauandikwi."

Nikamwona ni mtu makini kweli. Kumbe.

Siku moja kabla ya kesi kusikilizwa mara ya mwisho, nilifika ofisini nikakuta mlango umefungwa. Mke wake akanipigia: nyongo imemkaba, kakimbizwa hospitali alfajiri, wamempasua, mzima.

Nikamshukuru Mungu. Halafu nikakumbuka ufunguo uko wapi.

Nikarudi nyumbani mbio, nikampigia.

"Pole sana, Ustadh. Kesho mahakama. Nipe nywila nichape ripoti."

"Uko na nani hapo?"

"Mimi na Mama Sameh."

"Spika iko wazi?"

"Iko wazi," Mama Sameh akadakia. "Sema mwanangu, tunakusikia vizuri."

"Nitakuja nayo mwenyewe kesho."

"Utakuja vipi na mrija ubavuni?"

"Basi tuombe tarehe nyingine."

"Hakimu alisema hakuna tarehe nyingine. Ulikuwepo, Ustadh. Wewe ndiye uliyeinamisha kichwa ukasema sawa, mheshimiwa."

"Mwanaidi, nina maumivu. Nitakupigia."

Akakata.

Mama Sameh alinitazama. Mimi nikamtazama. Yeye akachukua simu yake, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaimwaga habari yote kwenye kundi la Wasapu la wapangaji.

Hapo kikaumana.

Fundi viatu wa chini: "Kalainishwa huyo."

Jirani wa ghorofa ya kwanza: "Nyongo ipi? Gabr kamshindilia mdomo, hauwezi kufunguka."

Madam Aida wa juu, mwalimu mstaafu: "Mtu aliyepasuliwa kweli hutoa siri hata asizoulizwa. Dada yangu walipomchoma sindano ya usingizi alitaja kila mtu anayemchukia. Nilikuwa wa pili."

Mimi sikutaka kuamini. Nimefanya kazi na Ustadh, najua anavyofukuza watu wenye bahasha. Lakini sasa kama hajala, kwa nini hasemi?

Sikuweza kukaa. Nilizunguka sebule mpaka Mama Sameh akaniambia namtia kizunguzungu. Nikachomeka flashi kwenye laptopu yangu, nikaanza kukisia. Jina la mke wake. La binti yake. Timu yake ya mpira. Namba ya gari lake.

Kila mara kiboksi kinatikisika, kinakataa. Kisha programu ikaanza kuninunia. Kila nikikosea inanisubirisha zaidi kabla ya kuniruhusu tena.

"Acha kubahatisha," Mama Sameh akasema, akijifunga mtandio. "Tunakwenda. Leo atasema, au atapasuliwa mara ya pili."

Akabeba sufuria ya mahshi, mboga zilizojazwa wali, imefungwa kwa taulo.

"Mama, amekatazwa mafuta."

"Najua. Hii si ya kula. Ni ya kumtamanisha."

Tulimkuta kwenye wodi ya wanaume, saa ya kuona wagonjwa. Vitanda vimejipanga, kila kitanda na ukoo wake. Ustadh alikuwa mdogo ghafla, kama mtu kapungua ndani ya pijama. Kwenye kitanda cha jirani alilala dereva wa lori, mguu umening'inizwa, anaitwa Ammu Shehata. Alipotuona tumekaza nyuso akapunguza sauti ya televisheni asikose kitu.

Mama Sameh hakusalimia.

"Amekupa nini Gabr?"

"Nani?"

"Usiniulize nani. Nimeingia jengo lile bibi harusi. Mume wangu kafia chumba kile. Kesho wakinitoa nitakwenda wapi, Hurghada, nikalale chini ya kitanda cha wageni? Sema amekupa nini, nijue tumeuzwa kwa bei gani."

Ustadh akafumba macho. "Wallahi sijapokea hata glasi ya chai."

"Basi sema neno."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Wodi nzima imegeuza shingo. Mtu mmoja alikuwa kaacha chungwa nusu mdomoni.

"Nipe hiyo laptopu," akaniambia. "Nitaandika mwenyewe. Geukeni."

Tukageuka. Nikasikia anahema, halafu hakuna kitu.

"Herufi za Kiarabu ziko wapi?"

"Hazikuandikwa, Ustadh. Niliinunua kwa mwanafunzi aliyetoka Ulaya. Mimi nazijua kwa vidole."

"Mimi nazitafuta kwa macho."

Alijaribu hivyo hivyo, kidole kimoja kikitangatanga kama kuku uani. Kiboksi kikakataa. Akajaribu tena. Kikakataa, kikatusubirisha.

"Andika kwenye karatasi," nikamwambia. "Nitasoma mimi peke yangu, kisha niile."

"Haliandikwi. Haliandikwi wala halisemwi. Nyie hamnielewi."

Sauti yake ilipasuka pale mwisho. Na mimi nikajua: huyu hajauza mtu. Huyu ana haya.

Nikasogea karibu. "Ustadh, ni jina la mtu?"

Akageuzia uso ukutani.

"La mwanamke?"

Masikio yake yakawa mekundu. Ammu Shehata akakohoa, akajifanya anatazama televisheni iliyokuwa na tangazo la sabuni.

Mama Sameh ndiye aliyeelewa. Mimi nimeishi huku miaka, lakini mambo mengine lazima uwe umeyanyonya.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, polepole, sufuria mapajani.

"Ni mama yake," akasema, kama anaongea na sufuria. "Mwanaume kaweka jina la mama yake."

Ustadh akavuta shuka mpaka kidevuni.

Sijui kwenu, lakini kwetu pwani mama yako akiitwa Mwanajuma, ni Mwanajuma, mtaa mzima unajua. Huku mwanaume jina la mama yake halitoi. Anasema mama, anasema Hajati, anasema nyumbani. Mvulana jina la mama yake likijulikana shuleni, amekwisha. Wataliimba mpaka amalize darasa. Wanaume wazima wanalichunga kama wanavyochunga mlango wa chumba cha kulala.

Kwa hiyo Ustadh alitafuta neno ambalo katika maisha yake hajawahi kumtamkia mtu. Akalipata. Akalifungia nyumba yetu.

"Mwanangu Sameh," Mama Sameh akasema, "alirudi siku moja hana jino. Kapigana. Mtoto mmoja kaona jina langu kwenye fomu ya shule. Sikumpiga. Nilijifungia jikoni nikalia, maana nilikuwa nalipenda jina langu, na mwanangu kalipigania kama tusi."

Kisha akainuka, akawageukia wote, wagonjwa na wageni wao.

"Mimi naitwa Ikram. Ikram, Ikram. Haya, mmelisikia. Paa halijaanguka."

Mwenye chungwa akameza.

"Wangu alikuwa Sayyida," Ammu Shehata akasema kutoka kitandani, akitazama mguu wake. "Mungu amrehemu. Sijui kwa nini nasema."

Ustadh Wagdi akaniita kwa kidole. Nikainama. Akaninong'oneza sikioni, pumzi inanuka dawa.

Jina zuri. La kizamani, la kijijini, lakini zuri.

Nikaweka kibodi kwenye Kiarabu. Nikaliandika. Herufi zote mahali pake.

Kikakataa.

"Litamke tena, Ustadh."

Akanong'ona tena. Ni lile lile. Nikaandika tena, taratibu.

Kikakataa, kikatusubirisha mpaka muuguzi akaja kusema muda wa wageni unakwisha.

"Kuna namba mbele yake? Nyuma?"

"Hakuna. Ni jina tu. Wallahi ni jina tu."

"Umelitumia mara ngapi?"

"Kila siku. Kila siku kwenye kompyuta yangu lilifungua."

Alikuwa amelitoa. Kitu alichokishika tangu utotoni alikitoa mbele ya dereva wa lori, na bado hakikufaa. Sijawahi kuona uso umevuliwa namna ile.

Mimi nikachoka. Nikafungua Wasapu kwenye ile ile laptopu, nikageuza kibodi kwenye herufi za Kilatini kama tunavyoandikiana na Sameh, nikamwandikia: tumekwisha, mwambie bosi wako utakuja kubeba vitu.

Nikatuma. Kisha, kwa hasira tu, kwa kukataa tu, nikarudi kwenye kiboksi na kuligonga jina lile mara ya mwisho. Vidole vikaenda vyenyewe kama vilivyozoea.

Faili likafunguka.

Nguzo. Nyufa. Muhuri wa mhandisi. Sahihi.

Mama Sameh akapiga kigelegele, muuguzi akaja mbio akidhani mtu kafa.

Kwa nini sasa? Nikatazama kona ya kioo. Kibodi ilikuwa bado kwenye Kilatini. Nilisahau kuirudisha.

"Ustadh, kule ofisini, kabla ya kuandika ulikuwa unabadilisha lugha?"

"Lugha gani? Naona herufi yangu, naibonyeza."

Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kibodi ya ofisini kila kitufe kina herufi mbili, ya Kilatini na ya Kiarabu. Yeye anatazama ya Kiarabu na kubonyeza. Kompyuta, ambayo kila ikiwashwa inaamkia Kilatini, inapokea ya Kilatini. Na kwa kuwa kiboksi cha nywila hakikuonyeshi kitu zaidi ya vinukta, hakuwahi kujua.

Miaka yote anadhani anaandika jina la mama yake. Kumbe anaandika kf,dm.

Takataka. Na koma katikati.

Asubuhi tulikwenda mahakamani, wapangaji wote. Ustadh alikuja kinyume cha amri ya daktari, kwenye kiti cha magurudumu, joho limefunika pijama. Mama Sameh ndiye aliyesukuma, na njia nzima alimpigia honi kwa mdomo.

Hakimu alisoma ripoti, akatazama picha moja moja. Akamuuliza wakili wa Gabr kama ana la kusema. Yule wakili, kijana mwenye manukato, akasema anaomba muda. Hakimu akasema muda umekwisha. Akazuia jengo lisiguswe, akaamuru lipimwe na wahandisi walioteuliwa na mahakama. Walipima baadaye. Walikuta lipu.

Lakini sijafika ninakotaka kufika.

Tulipotoka kwenye korido, Muallim Gabr alikuwa amemshika wakili wake bega, mishipa ya shingo imesimama. Mtu wa kelele, hajui kunong'ona.

"Ulisema halifunguki," alikuwa anafoka. "Yule mtaalamu wako mjinga kakaa na hiyo kompyuta wiki nzima. Kaapa kajaribu kila kitu. Mke, watoto, tarehe. Jina la mama yake mimi mwenyewe nilikwenda kulitoa kwenye cheti cha kuzaliwa, Nabawiya, akaliandika mbele ya macho yangu, akabadilisha na lugha vizuri kabisa, akasema halifungui. Sasa leo limefungukaje?"

Korido nzima ikageuza shingo.

Kijana wa manukato akafumba macho. Yeye alishaelewa mteja wake kasema nini na mbele ya nani.

Walikuwa nalo. Siri ambayo Ustadh alikuwa tayari kufa nayo, wezi walikuwa nayo tangu mwanzo, imeandikwa kwenye cheti, wakaitoa kirahisi. Kilichotuokoa hakikuwa siri. Ni kwamba mwizi wao alikuwa na akili, akabadilisha lugha kama inavyotakiwa. Ustadh wetu hakuwa nayo.

Nikamtazama. Masikio mekundu, mikono imekamata kiti. Jina la mama yake lilikuwa limetupwa koridoni na mdomo wa Gabr, na watu wanalitazama.

"Nisukume," akamwambia Mama Sameh.

"Wapi, nyumbani?"

"Polisi. Pale mlangoni."

Afisa wa zamu alichukua maelezo kwa upole wa mtu aliyechoka. Kuvunjwa kwa ofisi, kompyuta, jalada. Akafika kwenye maneno ya Gabr.

"Alisema walijaribu jina gani?"

Sisi wote tulikuwa mlangoni. Wapangaji, mashahidi, mawakili wenzake, hata mhudumu wa chai wa koridoni.

"Unaweza kuandika 'jina fulani'," nikamnong'oneza.

"Nikiandika jina fulani kesi inakufa," akasema. "Jina ndilo ushahidi. Walilitafuta kwa nini kama hawakuwa na faili langu la kufungua?"

Akajiweka sawa kwenye kiti. Akashika ubavu pale palipopasuliwa.

"Nabawiya," akasema, kwa sauti ile anayotumia mbele ya majaji. "Nabawiya binti Abdel-Samad, wa kijiji cha Mit Rahwan. Alifua nguo za watu ili nivae joho hili. Andika vizuri, bwana afisa. Umesahau nukta ya herufi ba."

Afisa akaongeza nukta.

Hakuna aliyecheka. Fundi viatu, yule aliyesema kalainishwa, alivua kofia yake.

Basi ndugu zangu, nawaambia kwa roho safi. Msiweke nywila ya jina la mama, la mtoto, wala tarehe ya kuzaliwa. Hivyo si siri zenu, viko kwenye makabati ya watu. Unganisheni maneno kadhaa marefu yasiyojuana, yaliyookotwa huku na kule, ambayo hakuna cheti kinachoyajua. Jaribuni kulifungua faili kwenye mashine nyingine kabla ya siku ya shida. Na ufunguo usikae kwenye kichwa kimoja, maana kichwa kina nyongo chini yake. Awepo mtu mmoja unayemwamini, au bahasha iliyofungwa kwa mtu huyo.

Ustadh Wagdi amebadilisha nywila. Bahasha yake iko kwa dada yake anayeishi mji wa Tanta. Mimi sijui kilichomo na sijauliza.

Ila ofisini amepachika picha mpya ukutani, mwanamke wa makamo na kitambaa kichwani, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Mteja akiuliza ni nani, Ustadh anamwambia. Jina kamili.